Gari la kulala njiani: wamama waangalie nini kwanza

Juma hili ukurasa wa safari hauongei juu ya mahali pamoja tu. Unaongea juu ya barabara nzima, na juu ya gari la kuipitia.

Wengi mnajua kwamba kila vakansi kubwa kikundi chetu cha likelemba kinatuma wamama wanane Dar es Salaam kununua viatu vya shule, mabegi na vitambaa vya bluu na vyeupe mbele ya masomo kuanza mwezi wa tisa. Miaka miwili iliyopita mweka hazina wetu aliuliza kwenye mkutano: tuendelee kulipa tiketi za bisi, ao tukodi gari na kulitengeneza ndani mpaka mtu aweze kulala, kupika na kunawa humo, sawa vile watalii wanavyofanya? Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwa hiyo tulikwenda na daftari mkononi, mwaka mmoja kwa bisi, mwaka uliofuata kwa Hiace ya kukodi, na kila mahali tuliposimama tuliangalia magari ya wengine wanaolala njiani. Tulipima kwa meta ya mshonaji, tukauliza, tukafungua milango tulipokaribishwa.

Kwanza barabara yenyewe. Kutoka Lubumbashi mpaka Dar es Salaam ni karibu kilometa 2,000. Kasumbalesa iko hapa karibu, chini ya kilometa 100, lakini inaweza kula siku yenu nzima. Ng'ambo ya mpaka mnapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola, miji ya shaba ndugu ya miji yetu, yenye bomba za moshi na vilima vya udongo mweusi ambavyo mtoto wa Lubumbashi anavijua bila kuambiwa. Hapo mama anayesema Kibemba anakuwa malkia wa gari. Anatoa "Mwapoleni mukwai" moja, na bei ya nyanya inashuka. Kapiri Mposhi barabara inageuka na kupanda kaskazini: Serenje, Mpika, Chinsali, Nakonde. Huko ni msitu kilometa nyuma ya kilometa, na kando ya njia wanawake wanauza makala, viazi vitamu na viwavi vikavu.

Tunduma mnaingia Tanzania na saa inasogezwa mbele kwa saa moja. Tangu mwaka wa 2019 kazi ya mpaka wa Nakonde na Tunduma inafanyika chini ya paa moja, na hiyo inasaidia sana. Nyuma yake ni Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa, nchi ya juu yenye baridi kali mwezi wa saba. Halafu mnatelemka mlima wa Kitonga, mnapita mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mnakata mbuga ya Mikumi, Morogoro, na mwisho joto la Dar linawapiga usoni kama mvuke wa sufuria. Kwa gari lenu wenyewe, mkikataa kutembea usiku, hesabuni usiku nne njiani kwenda na nne kurudi. Usiku nne ni nyingi kwa mwili wa mama. Ndiyo maana swali la gari si swali la anasa.

Bisi tutaisema upesi, juu ya wengi mmeipanda. Kwa mama anayesafiri peke yake bisi inashinda kwa bei, na hakuna haja ya kubishana. Lakini bisi ni gari la kukaa, halikutengenezwa kwa kulala. Ile tuliyopanda sisi ilikuwa na viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na magoti yaligusa kiti cha mbele tangu Lubumbashi. Ilisimama pale shofa alipotaka. Mara mbili ilisimama msituni, ikasemwa wanaume kushoto, wanawake kulia, na mbele ya kufunga kikwembe honi ilikuwa imelia. Wamama walijifunza haraka: wasinywe maji. Wanne wetu hawakunywa zaidi ya kikombe kimoja kutoka Kapiri mpaka Nakonde. Mama mmoja, mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye lazima anywe na lazima aende haja mara nyingi, alifika Mbeya na homa na maumivu chini ya tumbo. Muuguzi alimwambia ni maambukizo ya njia ya mkojo, akampa dawa, na siku mbili za soko zilipotea. Mama huyo hajasafiri tena. Ndiye aliyekuwa anatujulia vitambaa kwa kidole, kipi kitachuja na kipi kitadumu, na mwaka uliofuata tulirudi na marobota matatu ya bluu ambayo yaligeuka kijivu nyuma ya kufuliwa mara tatu.

Tuliandika jambo hilo kwenye daftari, na kuanzia hapo tuliyaangalia magari yote kwa jicho lingine.

Pale Kasumbalesa, katika foleni ya kamyo ambayo haina mwanzo wala mwisho, tuligundua kwamba nyumba za magurudumu zimejaa kwenye barabara yetu, ila hakuna anayeziita hivyo. Dereva mmoja Mtanzania alituona tunachungulia, akacheka, akasema, "Karibuni chai, mama zangu." Alikuwa siku ya nne katika foleni. Nyuma ya viti vya mbele kuna kitanda chenye godoro la upana wa sentimeta 70, pazia nene la kuzuia taa za wengine, na juu yake rafu ya nguo. Lakini jambo zuri zaidi liko nje. Ubavuni mwa trela, chini, amefungia sanduku la chuma lenye kufuli. Ukiliangusha mlango wake, mlango unakuwa meza. Ndani kuna jiko la gesi la mtungi mdogo, unga, mafuta, chumvi, sufuria mbili na sahani. Pembeni yake tanki la maji lenye bomba, na saboni imefungwa kwa kamba. Anapika nje, harufu na moto vinabaki nje, na kitanda kinabaki safi. Tulimuuliza choo kiko wapi. Alikuna kichwa. "Mama, kwa hilo sisi wanaume tuna chupa na tuna giza."

Jibu hilo lilitusaidia kuliko alivyojua. Gari linafuata mwili wa yule aliyelitengeneza. Sanduku la jiko alilifikiri mtu aliyepika njiani, ni la akili kabisa. Choo hakikufikiriwa, juu ya aliyefikiri hakukihitaji.

Mwaka wa pili tulikodi Hiace, ile ya paa la chini ambayo mnaijua wote kwenye parkingi. Tuliondoa safu mbili za viti vya nyuma, seremala akaweka ubao juu ya miguu ya mbao, tukatandika magodoro. Uzuri wa Hiace ni kwamba sakafu ya nyuma ni sawa, juu ya injini haiko nyuma, iko chini ya viti vya mbele. Ubaya wake ni huohuo: mama anayekaa mbele anapikwa kutoka chini, na kila shofa anapotaka kuangalia mafuta ya injini, watu wa mbele wanashuka na kiti kinafunuliwa. Upana wa gari hilo kwa nje ni sentimeta 169 na nusu, na ukitoa unene wa kuta, mtu mzima hawezi kulala kwa kukata gari. Lazima alale kwa urefu, kichwa kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo walilala wanne, na wengine wanne walilipa nyumba ya wageni.

Ndani ya paa la chini hamwezi kusimama. Inaonekana ni jambo dogo mpaka asubuhi ya kwanza, wakati wanawake wanne wanataka kufunga vikwembe kwa wakati mmoja, wote wamepiga magoti. Kuna Hiace nyingine, ndefu na ya paa la juu, yenye urefu wa meta 5.38, na humo mama wa kimo cha kawaida anasimama akiinamisha kichwa kidogo tu. Tofauti ya paa hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya rangi, viti na muziki ambavyo wenye magari wanawasifia.

Tena kuna neno la mlango, ambalo tunaomba mlisome mara mbili. Hiace nyingi zinatoka Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo mlango wa kusukuma uko kushoto. Zambia na Tanzania nao wanaendesha kushoto, na huko mlango unafungukia kwenye majani, vizuri. Lakini kwetu Kongo tunaendesha kuume. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa mlango huohuo unafungukia katikati ya barabara, mbele ya kamyo za shaba. Mtoto aliyelala, akiamshwa akakojoe, anashukia upande wa kifo. Katika kilometa hizo mama mmoja mzima akae kwenye mlango, na asiufungue mpaka ametoka shofa mwenyewe kuangalia.

Mpika, kwenye kituo cha mazutu, tulikuta Volkswagen ya zamani, rangi ya maziwa, ya bwana na bibi kutoka Ujerumani, wote wawili wenye mvi. Walikuwa wanashuka mpaka Cape Town bila haraka. Bibi alipoelewa kwamba tunapima magari, alitoa magodoro yake yote nje ili tuone. Wazee wetu wengine wanakumbuka kombi za namna hiyo. Volkswagen ilianza kuzitengeneza mwaka wa 1950, na mwaka wa 1951 kiwanda kimoja cha Ujerumani, Westfalia, kilianza kuzitengenezea samani za kulala na kupika. Tunalipenda wazo la wale wa kwanza: samani zilikuwa sanduku la kutoa na kurudisha. Siku za kazi gari linabeba mizigo, siku za kupumzika sanduku linarudishwa na familia inakwenda safari. Kwa watu kama sisi, ambao tunakodi gari la mtu na tunapaswa kumrudishia lenye viti vyake, hiyo ndiyo njia: kila kitu kifungwe kwa buloni, pasipo kuchomelea hata kimoja.

Katika ile ya bwana na bibi, kiti cha nyuma kinavutwa na kuanguka kuwa kitanda cha watu wawili. Paa linasukumwa juu kama kifuniko cha sanduku, na kuta zake ni turubai, basi mtu anasimama wima akipika. Jiko lina moto mbili. Injini iko nyuma, chini ya kitanda, na bibi alisema usiku wa baridi ni baraka na Dar es Salaam ilikuwa adhabu. Yote yamepangwa kwa akili, lakini ni kwa watu wawili wanaopendana. Wamama wanane hawaingii.

Halafu bibi alifunua kiti kidogo karibu na mlango. Chini yake kulikuwa na choo cha sanduku, chenye kifuniko, cha kubeba kwa mkono. Alisema, na binti mmoja wa kituo akatutafsiria, kwamba walipolinunua gari halikuwa nacho. Bwana aliona ni kupoteza nafasi. Yeye alisema bila hicho hapandi. Bwana alikuwa anaangalia upande wa pampu.

Karibu na Iringa tulilala mahali pa kambi, na hapo palikuwa Land Cruiser mbili zenye hema juu ya paa. Hema linafunuliwa kama kitabu, ngazi inashuka, na mtu analala juu penye hewa, mbali na wadudu. Vijana wanalipenda, na kwa kweli kwenye njia za mchanga na mito gari hilo linafika pale ambapo mengine yote yanakwama. Lakini barabara yetu ya Dar ni ya lami. Mama mkubwa wetu, mwenye miaka 65 na magoti mabovu, aliiangalia ngazi, akatuangalia sisi, akauliza, "Na saa nane ya usiku, mkojo ukinishika?" Tulicheka mpaka wenye magari walitoka kuangalia. Kisha tuliandika: ngazi, hapana. Mwenye mimba hawezi kuipanda, anayenyonyesha hawezi kuipanda na mtoto, na uzito wote ule juu ya paa unalifanya gari kuyumba katika kona. Siku iliyofuata tulitelemka Kitonga nyuma ya kamyo iliyobeba juu sana, ikienda kwa vitesi ya chini kabisa, na hakuna aliyehitaji kuelezewa. Kwenye mteremko ule shofa mwenye akili anaacha injini ishike gari. Anayekanyaga freni tangu juu mpaka chini anafika na freni za moto ambazo hazishiki tena.

Kuna wale wanaouliza juu ya treni. Reli ya TAZARA, ambayo Wachina waliijenga pamoja na Watanzania na Wazambia mbele ya mwaka wa 1976, ina kilometa 1,860 kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar, na mabehewa yake yalitengenezwa na vyumba vya kulala ambamo wanawake wanakaa mbali na wanaume. Tunaikubali akili hiyo. Lakini haianzi Lubumbashi, na kuhamisha mizigo Kapiri na mtoto mgongoni ni safari nyingine.

Sasa tuseme wazi lile tuliloliona katika magari yote. Watu wakitengeneza gari la kulala, wanaanza na kitanda, wanafuata jiko, na mwisho, nafasi ikibaki, choo. Sisi tunasema wamama waanze na choo, wafuate mlango, halafu kitanda. Mama asiye na choo hanywi. Asiyekunywa anaugua, na mwenye kunyonyesha maziwa yanapunguka. Aliye katika siku zake anakaa na kitambaa kimoja mchana mzima juu ya aibu. Kitanda kizuri hakiponyi hata moja ya hayo. Na kushuka usiku peke yake katika parkingi ya mpakani ni hatari ambayo hatuna haja ya kuieleza kwa wanawake wa Kongo.

Choo si kitu cha feza nyingi. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachokaza, kiti cha mbao juu yake chenye tundu laini, mfuko wa vumbi la mbao kutoka kwa seremala ao wa majivu makavu. Kila anayemaliza anamwaga kopo moja la vumbi juu, na harufu inakufa. Tulipima nyumbani kwa siku tatu, katika chumba kilichofungwa, mbele ya kulisema hapa. Kinachotakiwa ni kona ya sentimeta 80 kwa 80, ukuta wa ubao mwembamba pande mbili na rido nzito mbele, dirisha dogo la hewa, na bidoni ya maji yenye bomba kwa kunawa. Ndoo inamwagwa asubuhi katika choo cha kituo cha mazutu, kwa ruhusa na kwa kulipa kidogo. Kamwe isimwagwe porini wala mtoni.

Jambo la moto ni la kufa na kupona. Sisi wa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba tuna tabia ya kuingiza mbabula ndani ya nyumba kwa kuota. Ndani ya gari ni kaburi. Makala yanayowaka, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kidogo kilichofungwa watu wanalala na hawaamki. Mafinga na Makambako kuna baridi ya kweli, na kishawishi kitakuwa kikubwa. Mbabula haipandi, hata imezimika, juu ya makala yanayoonekana yamekufa bado yanafanya kazi yake. Kwa baridi tubebe mablanketi na chupa za maji ya moto. Kwa kupika tufanye sawa dereva wa Kasumbalesa: sanduku la gesi nje, ubavuni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani, inatuama sakafuni pale watoto wanapolala, na cheche moja inatosha.

Maji nayo yana uzito ambao wengi wanausahau. Lita moja ni kilo moja. Bidoni tano za lita 20 ni kilo 100, sawa na kuongeza mama mmoja mnene na begi lake. Ziwekwe chini, katikati ya magurudumu, zisiwekwe juu ya paa wala nyuma kabisa. Taa za usiku zitumie batiri ya pili, ili asubuhi injini iwake. Na wakati gari linatembea hakuna anayelala kwenye kitanda, hata mtoto. Kila mtu kwenye kiti kinachoangalia mbele, na mkanda. Mtoto aliyelala kwenye ubao wakati shofa anakanyaga freni juu ya twiga katika Mikumi anaruka mpaka kwenye kioo. Twiga na tembo wanavuka kweli, mchana kweupe, na anayegonga mnyama analipa faini kubwa.

Nyuma ya kupima hayo yote, tumeangukia Coaster. Ile ndefu ina karibu meta saba. Mtu wa kimo chetu anasimama ndani katikati bila kuinama, na mlango ni mpana, wenye ngazi fupi ambazo mama mkubwa alizipanda bila kushikwa mkono. Upande wa mlango unabaki taabu ileile ya kwetu mpaka Kasumbalesa. Tunapendekeza hivi. Mbele vibaki viti vya kuangalia mbele vya watu wanane na shofa. Nyuma ya viti, upande mmoja, kona ya choo, na upande wa pili rafu ya vyombo. Nyuma kabisa, ubao wa urefu wa meta mbili kutoka ukuta mpaka ukuta, wamama watatu chini na watatu juu, kila mmoja karibu sentimeta 60. Ni padogo, lakini ni zaidi ya tulichopata katika bisi. Wawili wanaobaki wanakaa mbele kwa zamu ya kulinda, na usiku unaofuata wanabadilishana. Shofa ni mwanaume, atalala katika nyumba ya wageni ao katika hema lake nje, na gharama yake iingie katika hesabu tangu mwanzo.

Mizigo ya kununua haitarudi pamoja nasi. Itapakiwa Dar katika kamyo ya wengi, kila kikundi na alama yake, sawa tulivyofanya mwaka uliopita. Wale wanaotaka kupakia viatu juu ya paa la Coaster ili kuokoa feza, tunawaomba wakumbuke Kitonga.

Karatasi: kila mama awe na paspoti na karata ya chanjo ya homa ya manjano, wanaiangalia kweli. Gari liwe na asiransi ya karata ya njano ya COMESA, ambayo Zambia na Tanzania zote mbili zinaikubali.

Tumesikia wale wanaosema Coaster itakuwa bei kali kuliko tiketi nane za bisi. Ni kweli, kama mkihesabu tiketi peke yake. Ongezeni nyumba za wageni, chakula cha njiani, siku mbili zilizopotea Mbeya, na marobota matatu ya bluu yaliyogeuka kijivu. Mweka hazina ameweka hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, kila mtu ataiona na kukata neno mwenyewe. Mama wa sukari tumekwenda kumtembelea na kumchorea ile kona ya choo kwa kalamu. Aliangalia muda mrefu, akauliza kama rido itakuwa nzito ya kutosha. Tulimjibu achague kitambaa mwenyewe.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane, nyuma ya soko. Mwenye Coaster atakuja nayo ili kila mama apande, ajilaze, asimame, afungue mlango. Seremala atakuja na meta yake. Mama mwenye ndoo ya lita 20 ambayo kifuniko chake kinakaza kweli, ailete tuipime.